Nani Mtoro?

Ukishuka matatu pale Kona Baridi, kitu cha kwanza kukupokea ni upepo. Jina halidanganyi. Barabara ya Magadi inapanda kutoka Kiserian, inazunguka mwisho wa milima ya Ngong, halafu ghafla ardhi inashuka na unaona Bonde la Ufa limelala kule chini, kavu, hadi macho yachoke. Wasee wa Nairobi huja huku wikendi kupiga picha na kula nyama. Mimi na rafiki yangu tulikuja Jumanne asubuhi, Aprili 2025, na hatukupiga picha hata moja. Alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa anafuata dawa.

Rafiki yangu anaishi Kitengela. Kama unaijua Kajiado, unajua hiyo safari si mchezo. Unatoka Kitengela hadi Isinya kwa barabara ya Namanga, Isinya hadi Kiserian kwa ile barabara watu wanaiita Pipeline, Kiserian hadi Kona Baridi, halafu nduthi kumalizia. Magari matatu na pikipiki, na tumbo la miezi saba. Kitengela kuna vituo vya afya chungu nzima, na ARV hutolewa bure. Sasa kwa nini mama mjamzito avuke karibu kaunti nzima kufuata kidonge ambacho kiko dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwake?

Kwa sababu kule karibu walimwita mtoro.

Neno lenyewe wanalotumia kliniki ni difolta. Liko kwenye rejista, liko kwenye faili, liko kwenye simu wanazopiga. Ukikosa tarehe yako, ukapitisha siku kadhaa bila kuchukua dawa, wewe ni difolta. Kwa Kiswahili cha shuleni ni mtoro, kama yule mwanafunzi aliyeruka ua akaenda kuogelea mtoni. Mtoro hutafutwa, hurudishwa, hugombezwa mbele ya wenzake ili wengine wapate funzo. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Wacha nieleze, kwa ruhusa yake na bila jina lake. Alijua hali yake mwishoni mwa 2024 kwenye kliniki ya wajawazito, ile siku ya kwanza wanapokutoa damu na kukupima kila kitu. Alianzishiwa dawa siku hiyo hiyo, kidonge kimoja kwa siku. Na zaidi ya kidonge, alipewa mtu. Pale kituoni kulikuwa na mama mshauri, mwanamke anayeishi na virusi ambaye amepita njia hiyo hiyo na kuzaa watoto wasio na virusi. Huyu mama alimkalisha kwenye benchi nyuma ya jengo akamwambia, "Mimi pia nililia hapa hapa. Huyu wangu wa mwisho yuko gredi ya tatu, na hana kitu." Akampa namba yake ya simu. Akamfundisha kuweka pamba ndani ya kikopo cha dawa ili vidonge visipige kelele kwenye mkoba akiwa ndani ya matatu. Kila Jumapili jioni alikuwa anampigia: umekula? Umemeza? Tarehe yako ni lini?

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndani ya siku chache, miradi iliyokuwa inalipiwa na Wamarekani iliambiwa iache kazi. Yule mama mshauri hakuwa ameajiriwa na kaunti wala na wizara. Alikuwa analipwa posho na mradi. Akaambiwa asije kazini, na simu za Jumapili zikaisha. Mapema Februari, Washington ikasema huduma za kumkinga mtoto asiambukizwe na mama zinaweza kuendelea. Na ni kweli, vidonge vilikuwepo kwenye rafu. Aliyekosekana ni mtu.

Machi, kiwandani kukaingia oda kubwa. Rafiki yangu anashona nguo upande wa Athi River, na siku usiyofika hulipwi. Mjamzito kwa kawaida huitwa kliniki kila mwezi. Akaruka tarehe yake, akasema ataenda wiki ijayo, wiki ijayo ikawa ile nyingine. Siku 11 bila dawa. Alipopata nafasi akaenda. Muuguzi akafungua faili, akasema kwa sauti iliyosikika benchi zima: "Hawa ndio madifolta wetu. Mama, kwani unataka kuua mtoto?" Kwenye benchi hilo alikuwa ameketi jirani yake wa ploti.

Aliondoka kabla ya kufika dirisha la dawa. Siku nyingine tisa zikapita kabla hajaniambia, na aliponiambia hakuwa analia. Alikuwa anauliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama najua kliniki mahali ambapo hakuna mtu anamjua.

Ndiyo maana tulikuwa Kona Baridi. Na tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ambalo limekataa kutoka kichwani: katika hii hadithi yote, mtoro ni nani?

Kwanza tuelewane kuhusu dawa, kwa sababu watu wengi wa rika letu bado wana picha za miaka ya tisini. Bila kinga yoyote, mama mwenye VVU anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonyesha, na uwezekano huo Shirika la Afya Duniani huuweka kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa zinazotumiwa vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Mama ambaye kiwango cha virusi mwilini kimeshuka hadi hakionekani kwenye kipimo ana nafasi kubwa sana ya kuzaa na kulea mtoto asiye na virusi.

Na elimu hii haikushuka yote kutoka Ulaya na Marekani. Ni kweli mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walionyesha kwamba dawa ya AZT inapunguza maambukizi kwa thuluthi mbili, lakini ilikuwa ghali na ratiba yake ilikuwa ndefu. Mwaka 1999 jibu la watu wasio na pesa lilitoka Kampala. Wanawake wajawazito katika Hospitali ya Mulago walikubali kushiriki utafiti ulioonyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama anapoanza uchungu, na dozi moja kwa mtoto akishazaliwa, vinapunguza maambukizi kwa karibu nusu vikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Kati ya 2005 na 2008 ukaja utafiti uliofanyika Kenya, Burkina Faso na Afrika Kusini, na jina lake ni Kiswahili: Kesho Bora. Wanawake wa Mombasa na Nairobi walikuwamo. Ulionyesha kwamba mama akipewa dawa tatu kwa pamoja wakati wa ujauzito na kunyonyesha, watoto wengi zaidi wanaokolewa. Malawi ikathubutu mwaka 2011 kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha bila kusubiri kinga yake ishuke. Kenya ikafuata mwaka 2014.

Yaani wanawake wa Afrika Mashariki, kwa miili yao na kwa watoto wao, walisaidia kuifundisha dunia namna ya kuzuia haya maambukizi. Leo binti zao wanaitwa watoro kwenye benchi la Kitengela.

Bei nayo si kisingizio tena. Mwaka 2023 Global Fund ilitangaza kwamba dawa inayotumika zaidi sasa, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, imeshuka chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Kuna simu za mkononi hapa Kitengela zinazogharimu dozi ya miaka ishirini.

Kwa hivyo dawa ipo, ujuzi upo, na bei inawezekana. Mama akikosa dawa wiki chache, virusi vinarudi, na katika ujauzito au kunyonyesha hizo wiki chache zinaweza kuwa za mtoto. Hilo sibishi. Kama kosa ni kukosekana wakati mtoto anakuhitaji, basi tuhesabu utoro wote. Tusianze na kuishia na wa mama.

Tuanze na sheria. Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nia ilikuwa kuzuia feki, lakini iliandikwa vibaya kiasi kwamba dawa halali za bei nafuu, zile zinazotengenezwa bila jina la kampuni kubwa, zingeweza kukamatwa kama bidhaa ghushi. Hizo ndizo zilizokuwa zinaweka Wakenya hai. Sio wizara iliyokwenda mahakamani. Walikwenda watu watatu wanaoishi na virusi, Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akawakubalia: vifungu hivyo vilitishia haki yao ya kuishi, ya heshima na ya afya. Wagonjwa ndio waliolinda dawa. Serikali ilikuwa upande wa pili wa chumba.

Twende 2015. Februari mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye data ya watoto wa shule wenye virusi, pamoja na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Jiulize: kamishna wa kaunti ni daktari? Yeye ni mtu wa usalama na utawala, na chini yake kuna chifu. Chifu anayeijua ploti yako, mwenye nyumba wako na mama mkwe wako. Wanaharakati wakaenda mahakamani tena, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo lilivunja haki ya faragha. Karibu miaka miwili kati ya agizo na uamuzi. Mwanamke aliyesikia habari hizo kwenye redio akaamua kutopimwa, huyo naye tumwite mtoro?

Mwaka huo huo wa 2015, mwezi wa Machi, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 24 cha sheria ya UKIMWI ya 2006, kilichofanya kuambukiza kuwa jinai. Waliokipinga walisema kimeandikwa kwa upana hata mama angeweza kushtakiwa kwa kubeba mimba au kunyonyesha. Hebu fikiria nchi inakwambia njoo upimwe tukusaidie, na kwa mkono mwingine imeshika pingu.

Halafu kuna migomo. Kuanzia Desemba 2016 madaktari wa umma waligoma siku 100, kwa sababu mkataba uliotiwa sahihi 2013 haukuheshimiwa. Mwaka 2017 wauguzi wakagoma miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakarudi barabarani siku 56. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyepewa ahadi kwa maandishi ana haki ya kuidai. Lakini katika miezi hiyo yote, mama aliyefika hospitali ya umma akakuta geti limefungwa, nani aliandikwa kwenye rejista kwamba hakufika?

Mapema 2021, shehena ya ARV kutoka kwa Wamarekani ilikwama bandarini Mombasa huku serikali na wafadhili wakibishana kuhusu ushuru na nani asambaze. Watu waliozoea kuchukua dawa za miezi mitatu wakaanza kupewa za mwezi mmoja, wengine za wiki. Yaani dawa imevuka bahari, imefika Mombasa, na mama wa Loitokitok anaambiwa arudi wiki ijayo. Hakuna afisa hata mmoja aliyegombezwa mbele ya benchi.

Kuna utoro mwingine wa adabu zaidi, ule wa kumwamulia mwanamke bila kumuuliza. Mei 2018 takwimu za kwanza kutoka Botswana zilizua hofu kwamba dolutegravir huenda inaleta kasoro za uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao walikuwa wanaimeza wakati wa kushika mimba. Tahadhari ilikuwa sahihi. Lakini hapa Kenya na kwingine wanawake wa umri wa kuzaa wakabakishwa kwenye dawa za zamani kwa jumla, hata ambao hawakuwa na mpango wa kuzaa, wakati wanaume wakipewa dawa bora. Julai 2018 wanawake wa Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali wakasema wazi: tupeni taarifa, sisi wenyewe tutaamua. Takwimu zilipoendelea kukusanywa, hatari ikaonekana kuwa ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wajawazito wakiwamo. Walikuwa sahihi, wale wanawake wa Kigali.

Sasa unganisha na 2025. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya ilikuwamo. Robo karne baadaye hatujafika. Mpango wa Marekani wa PEPFAR ulianza 2003, na tukautegemea kama mtoto anavyotegemea mgongo wa mama, tukasahau kwamba yule si mama yetu. Serikali ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kumwajiri yule mama mshauri. Isingekuwa kazi ngumu. Hahitaji shahada. Anahitaji mshahara mdogo, simu na heshima. Badala yake tuliacha sauti muhimu kuliko zote kwenye kliniki ilipwe na walipa kodi wa nchi ya watu, na siku walipobadilisha rais, sauti ikazima.

Najua Trump ndiye aliyetia sahihi. Hasira yetu kwake ni halali. Lakini mtu akikukopesha mwavuli miaka ishirini halafu ausimamishe mvua ikinyesha, yeye ni mkatili, na wewe uliyekuwa unapita dukani kila siku bila kununua wako una lako la kujibu.

Kuna mtoro mwingine, na huyu ni wa kwetu nyumbani. Mwanaume.

Mjamzito hupimwa kwa sababu ni mjamzito. Kwa hivyo mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua, na katika nyumba nyingi anayejua kwanza ndiye anayeitwa aliyeleta. Mume hajapimwa, hataki kupimwa, anasema majibu ya mke ni yake pia. Akisikia ya mke ni mabaya, ghafla si yake tena. Vifaa vya kujipima mwenyewe nyumbani vimekuwa Kenya tangu 2017. Kifaa kinaweza kuingia mfukoni mwa koti. Lakini kampeni zote, mabango yote, tumbo ni la mwanamke na jukumu ni la mwanamke. Baba wa mtoto wa rafiki yangu alipoambiwa aje kliniki alisema ana kazi. Yeye rafiki yangu ana kazi pia. Hakuna rejista ya kina baba waliokosa tarehe.

Na hili lina matokeo. Mwanamke anaweza kupimwa mwanzoni mwa mimba akawa salama, halafu akaambukizwa mwezi wa sita, au mtoto akiwa ananyonya. Maambukizi mapya kama hayo ni ya hatari sana kwa mtoto, kwa sababu virusi huwa vingi mwilini wakati mama hana habari na hamezi chochote. Ndiyo maana anatakiwa apimwe tena. Lakini yeye apimwe mara ngapi kabla mtu afikirie kumpima anayelala naye?

Najua kuna msomaji anasema: sawa, lakini mtoto je? Mtoto hana hatia. Mama aliyeruka dawa siku 20 amemweka hatarini, na wewe unamtetea.

Ni kwa sababu ya mtoto ndio ninaandika. Tuache hasira kidogo tuangalie kilichotokea. Mama mshauri alimpigia simu, na kwa miezi miwili hakukosa dozi. Mama mshauri akaondolewa, akakosa siku 11. Akagombezwa hadharani, akakosa siku tisa zaidi. Kile kelele hakikumrudisha hata kwa saa moja. Kama unampenda huyo mtoto kweli, utachagua kinachomrudisha mama, hata kama hakikupi raha ya kumkaripia mtu. Aibu ilijaribiwa katika nchi hii miaka ya themanini na tisini, ya mabango yenye mafuvu. Tulizika watu wengi sana.

Yule muuguzi simchukii pia. Nina shangazi muuguzi, najua foleni zinavyokuwa. Nadhani ameambiwa idadi ya madifolta wake inatazamwa na wakubwa, na yeye hana gari, hana muda wa maongezi, hana mtu wa kutuma. Ana mdomo tu. Ukimwachia mtu aliyechoka kifaa kimoja, atakitumia. Lakini waliompangia kazi hivyo wanalala usingizi mzuri.

Tunachotaka si miujiza. Botswana ilianza kutoa ARV bure mwaka 2002, kwa mpango uliobeba jina linalomaanisha alfajiri mpya, na serikali yao ikaweka pesa zao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa nchi ya kwanza yenye mzigo mkubwa wa VVU kufikia hatua muhimu kuelekea kumaliza maambukizi ya mama kwa mtoto. Cuba ilithibitishwa kuyamaliza mwaka 2015. Hakuna aliyefika huko kwa kumwaibisha mama mbele ya majirani.

Kwa hivyo, kaunti ya Kajiado na kaunti nyingine zote: mwajirini mama mshauri. Mweke kwenye orodha ya mishahara kama mlivyoweka dereva wa gavana. Serikali ya kitaifa: nunueni dawa hizi kwa bajeti yetu, mwaka baada ya mwaka, hata kama kuna wa kutusaidia. Wizara: mjamzito aliyeimarika apewe dawa za kumtosha miezi kadhaa, ili asichague kati ya kibarua na kidonge. Huduma iwe kwa mlango mmoja, pale pale anapopimwa presha na tumbo, bila kile chumba cha pembeni ambacho mtaa mzima unakijua. Na hilo neno difolta litoke kwenye rejista. Andikeni tu: hatujamwona tangu tarehe fulani, tumpigie. Kosa likiandikwa hivyo, linakuwa kazi ya kufanywa badala ya tabia ya mtu.

Na sisi vijana tunaosoma haya kwenye simu zetu, tuna sehemu yetu. Umewahi kuona kikopo cha dawa kwa mkoba wa beshte yako ukauliza kwa sauti ni cha nini. Umewahi kucheka mtu aliyekonda. Umewahi kusema "si angejikinga." Mimi nimesema, nikiwa form three, kuhusu mwalimu. Tuwe watu ambao mtu anaweza kumeza dawa mbele yetu na stori ikaendelea.

Siku ile Kona Baridi tulifika saa nne na nusu. Kituo chenyewe sitakitaja. Kulikuwa na kina mama wa Kimaasai na shuka zao, mmoja akanyonyesha mapacha kwa ustadi ambao sijawahi kuona. Muuguzi alisoma barua, akamtazama rafiki yangu, akauliza, "Umetoka Kitengela leo asubuhi? Na hilo tumbo? Pole mama. Kaa kwanza, unywe chai." Hakuuliza kuhusu siku 20 mpaka chai iishe, na alipouliza alitaka kujua kilichomzuia, ili wakipange. Walimtoa damu kupima kiwango cha virusi. Akarudi nyumbani na vidonge vya kutosha, na namba ya simu.

Mtoto alizaliwa Juni. Msichana. Wiki ya sita walimdunga kisigino, wakaweka damu kwenye karatasi, tukangoja majibu. Hana virusi. Lakini ananyonya bado, kwa hivyo mama anameza bado, na kuna vipimo vingine mpaka kile cha mwisho baada ya miezi 18. Kila mara rafiki yangu anapanda matatu tatu na nduthi moja kwenda kwenye upepo ule, na kurudi. Huchukua siku nzima. Nauli ni yake, siku ya kazi ni yake.

Huyo ndiye waliyemwita mtoro. Mtu anayesafiri hivyo kila tarehe yake ikifika, akipita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa sababu mahali pa karibu hapakumwachia heshima. Yeye anafika. Kliniki ya karibu na nyumbani kwake bado ina jina lake kwenye orodha ya waliotoroka, na posho ya yule mama mshauri, kwa habari nilizonazo, bado haijarudi.